Magurudumu ya 26, 28 au 29 kwa safari ya Songea?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Mbagala, nina urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 78. Mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekatika, nakusudia kwenda Songea kwa baiskeli. Nitafuata Barabara ya Kilwa hadi Nangurukuru, niache lami niingie Liwale kwa njia ya vumbi, nitokee Nachingwea na Masasi, kisha nishike lami ya Tunduru hadi mwisho. Mizigo pamoja na maji itakuwa kilo 22. Kariakoo nimeona baiskeli mbili za mtumba ambazo bei zake zinakaribiana: moja ni ya mlimani, ya chuma, isiyo na springi, yenye magurudumu ya inchi 26, nyingine ni nyepesi, ya gurudumu kubwa zaidi liitwalo 700C, yenye matairi ya milimita 32. Wenzangu wa kikundi wananiambia nisinunue hata moja, ningoje nipate ya 29 kwa sababu 26 imepitwa na wakati. Baba mdogo naye anasema nichukue Phoenix yake ya 28 kwa kuwa haina kijiji isikopata fundi. Nichague gurudumu la ukubwa gani, na tairi la upana gani?

Jibu: Marahaba. Nunua ile ya 26, yavue matairi iliyokuja nayo hata kama yanaonekana mazima, na uifunge matairi mapya yenye upana wa milimita 50 au karibu na hapo. Hata hivyo nakuomba usiende kuwaambia wenzako kwamba nimesema 26 ni bora kuliko 29, kwa sababu sikusema hivyo. Baiskeli hiyo imeshinda kwa sababu fremu yake inakubali tairi pana, na ile ya 700C uliyoiona haikubali. Kipenyo cha gurudumu, ambacho ndicho kinachobishaniwa vijiweni, ni jambo la pili. Upana wa tairi huamuliwa kwanza, nao huamuliwa na uzito wote utakaobebwa na kipande kibaya kuliko vyote cha njia utakayopita.

Tuanze basi na uzito. Kilo zako 78, mizigo 22 na baiskeli ambayo nikiikadiria pamoja na keria, madigadi na chupa zake haitapungua kilo 15, jumla ni kilo 115. Mzigo ukifungwa nyuma kama wengi wetu tunavyofunga, gurudumu la nyuma hubeba takriban asilimia 60 ya jumla hiyo, yaani kilo 69, na la mbele hubeba zilizobaki. Ukitaka tairi la 32 libebe kilo 69 bila ringi kugonga kila jiwe, utalazimika kulijaza upepo hadi paundi 85 hivi kwa inchi ya mraba. Tairi la 50 hubeba uzito uleule kwa paundi 45. Mpanda baiskeli anayetembea lami tupu anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ni ya raha ya makalio tu, lakini anayekwenda Liwale ataiona kwa namna nyingine, kwa sababu eneo la tairi linalogusa ardhi hupatikana, kwa makadirio, kwa kugawa uzito kwa shinikizo la upepo. Kwa paundi 85, gurudumu lako la nyuma litasimama juu ya sentimita za mraba kama 11 na nusu. Kwa paundi 45 litasimama juu ya sentimita za mraba 22. Penye mchanga, unyayo wa kwanza huzama na wa pili huelea, na huko nyuma ya Nangurukuru utakapofika mahali ambapo malori yamesaga njia ikawa unga, hiyo ndiyo itakuwa tofauti ya kupanda na kusukuma.

Pengine utasema kwamba sehemu kubwa ya safari yako ni lami, na kwamba si haki kuchagua tairi kwa ajili ya kipande kimoja cha vumbi. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, na huijibu kwa kuuliza mtu aliwahi kupanda Barabara ya Kilwa kuanzia Kongowe kwenda Mkuranga na Kibiti asubuhi ya mabasi ya kusini. Basi mbili zikipishana mbele yako huna lami tena. Una sekunde chache za kushuka pembeni, na mara nyingi pembeni ni mchanga au kokoto, na kati ya lami na pembeni kuna ukingo uliomegeka unaoshuka kwa urefu wa vidole vitatu au vinne. Tairi la 32 lenye upepo mgumu likishuka hapo kwa kasi huweza kuzama mchangani na kukuangusha upande wa barabara, ambao ndio upande usiotaka kuangukia. Kwa hiyo hata kama ungeifuata lami hadi Lindi bila kuikanyaga Liwale, bado ningekushauri usishuke chini ya 42.

Kuhusu kasi, wengi wanaamini kwamba tairi jembamba hukimbia. Matairi mawili ya aina moja yakijazwa upepo sawa, lile pana huviringika kwa urahisi zaidi, kwa sababu unyayo wake ni mfupi na mpana, hivyo ukuta wa tairi hujikunja kidogo kila linapozunguka. Ukilipunguzia upepo lile pana ili upate ulaini, unarudisha sehemu ya faida hiyo, na matokeo kwenye lami nzuri hukaribiana. Kwenye lami yenye vipele na kwenye changarawe, pana hushinda waziwazi kwa kuwa haliutikisi mwili na mzigo. Kinachobaki ni uzito wake na upepo unaolipiga, na kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 18 kwa saa wenye kilo 22 za mizigo, mambo hayo hayana uzito wa kuyajadili. Unachopaswa kukiogopa kwa kweli ni meno makubwa. Tairi la mlimani lenye vifundo vya mpira hunguruma na kula nguvu kwenye lami, nawe utakuwa na mamia ya kilomita za lami kila upande wa Liwale. Tafuta tairi lenye mstari uliojaa katikati na mikato midogo pembeni.

Kabla ya kulipa fedha, pima fremu. Nenda na rula na spana ya L ya milimita 6. Gurudumu likiwa limefungwa, angalia nafasi kati ya tairi na vyuma vya fremu pande zote mbili, juu na chini ya mhimili wa nyuma, na vilevile kwenye foki, hasa juu penye taji lake. Tairi utakaloweka ni lazima liache milimita 6 kila upande, ambayo ni sawa na kusema kwamba tairi la 50 linadai nafasi ya 62. Watu huona milimita 6 ni anasa mpaka spoki inapokatika, ringi ikayumba, na tairi likaanza kusugua fremu penye umbali wa saa nne kutoka kijiji cha karibu. Au mpaka tope jeusi la mbugani linapojaa hapo na gurudumu likakataa kuzunguka. Madigadi yanahitaji nafasi yao juu ya hiyo. Fremu nyingi za mlimani za miaka ya 1990, zile za chuma zisizo na springi, hupokea 50 pamoja na madigadi bila malalamiko. Hiyo 700C iliyokuja na 32 yawezekana ikakubali 38 bila madigadi, na hapo ndipo ilipopoteza kesi.

Sasa tuje kwenye majina, kwa sababu utaingia dukani na jina lisilo sahihi linaweza kukugharimu safari. Inchi zinazoandikwa kwenye matairi ya baiskeli ni majina ya ukoo, si vipimo. Zamani zilimaanisha kipenyo cha nje cha tairi la aina fulani lililokuwapo wakati huo; matairi yakabadilika unene, ringi zikabaki, na jina likaendelea kuitwa. Kipimo cha kuaminika ni namba mbili zenye kistari kati yake, ambazo hupigwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kwa herufi ndogo zinazohitaji tochi. Ya kwanza ni upana wa tairi likiwa na upepo, na ya pili ni kipenyo cha ringi mahali ambapo waya wa tairi hukaa, vyote kwa milimita. Tairi la 50-559 ni la inchi 26 za baiskeli ya mlimani. Tairi la 47-622 ni la 700C. Na hapa naomba wenzako wa kikundi wasome pamoja nawe: tairi la 29 nalo ni 622. Ringi ya 29 na ringi ya 700C zina kipenyo kilekile. Kilichobadilika ni unene wa tairi na jina la kuliuzia.

Ringi ya Phoenix ya baba mdogo ni 635, na tairi lake, 28 mara 1 na nusu, huandikwa 40-635. Wafaransa, ambao walipanga magurudumu kwa kipenyo cha nje cha milimita 700 na kuyapa herufi kadiri tairi lilivyonenepa, waliiita ringi hiyo 700B, na ndugu yake mdogo wa 622 wakamwita 700C. Ukijumlisha 622 na tairi la milimita 39 kwa kila upande unapata 700 kamili, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Matata ni kwamba matairi mengi ya 622 huandikwa pia inchi 28. Kwa hiyo una matairi mawili yanayoitwa 28, yenye tofauti ya milimita 13 katika kipenyo: la 622 halitaingia kwenye ringi ya 635 hata ukilipiga kwa nyundo, na la 635 litaingia kwenye ringi ya 622 kwa urahisi wa kutia shaka, kisha litachomoka ukilijaza upepo. Mimi mwenyewe nilikwama Newala kwa siku mbili kwa sababu hiyo. Ubavu wa tairi langu ulichanika, nikapiga simu Dar es Salaam nikaomba niletewe kwa basi tairi la 28, na muuzaji, bila kosa lolote, akanipa la 28 ambalo Watanzania wengi hulijua, yaani la Phoenix. Kosa lilikuwa langu la kutotaja 622. Tangu siku hiyo namba hizo nimeziandika kwa rangi upande wa ndani wa fremu yangu.

Kwenye mitumba ya Kariakoo kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo. Baiskeli za mjini zinazotoka Japani, zile zenye kikapu mbele, huandikwa 26 mara 1 na tatu ya nane, na ringi yake ni 590. Nyingine huandikwa 27, nayo ni 630, ambayo, ukipenda kucheka, ni kubwa kuliko 28 ya 622. Kanuni itakayokuokoa ni kwamba inchi zilizoandikwa kwa sehemu na inchi zilizoandikwa kwa desimali hazibadilishani: 26 mara 1.75 ni 559, lakini 26 mara 1 na robo tatu, ingawa hesabu ya darasani inasema ni kitu kimoja, ni 571. Kwa hiyo ukimwona muuzaji anakuhakikishia kwamba 26 zote ni sawa, mshukuru kwa heshima na uombe kusoma ubavu wa tairi.

Turudi kwenye kipenyo chenyewe. Tairi la 50-559 lina kipenyo cha nje cha milimita 659, na la 47-622 lina 716. Tofauti ni asilimia 8. Gurudumu kubwa hupanda ukingo wa shimo kwa pembe iliyolala zaidi, na hiyo ni faida ya kweli ambayo wenzako hawakuibuni. Lakini ni faida ndogo ukiilinganisha na ile unayoipata kwa kutoka 32 kwenda 50. Gurudumu dogo, kwa upande wake, lina spoki fupi zinazoegemea kwa pembe pana zaidi kutoka kwenye habu, kwa hiyo hustahimili mzigo wa pembeni vizuri zaidi, na hukupunguzia gia kwa asilimia 8 hiyohiyo bila kununua kitu, jambo ambalo utaliona jema kwenye milima ya kuelekea Songea. Kwa urefu wako wa sentimita 168 kuna jambo jingine ambalo kikundi hakikukuambia: fremu ndogo yenye magurudumu ya 622, matairi mapana na madigadi mara nyingi hufanya ncha ya kiatu iguse gurudumu la mbele unapokata kona kwa mwendo wa polepole. Ungekuwa na sentimita 185, na ungepata fremu ya 29 inayokubali keria, ningekwambia uichukue bila kusita.

Madai kwamba 26 imepitwa na wakati yana nusu ya ukweli. Watengenezaji wakubwa wa baiskeli za mlimani wamehamia 622 na 584, hii ya mwisho ikiitwa 27.5 ingawa haiko katikati ya 26 na 29, bali imeegemea kwenye 26. Kwa sababu hiyo matairi ya daraja la juu ya 559 yanazidi kupungua kwenye orodha zao. Lakini kwenye duka la vipuri la mji mdogo, penye mapipa ya mafuta ya taa na misumari, tairi utakalolikuta likining'inia ni la Phoenix au la 26 ya mlimani. La 622 utalipata Dar es Salaam, na zaidi ya miji mikubwa usilitegemee. Mimi hununua hapa mjini matairi mazuri kabla ya kuondoka, na nalitegemea duka la kijijini kwa dharura tu. Kwa mpango huo 559 bado inanihudumia.

Phoenix sitaidharau. Gurudumu lake limethibitishwa na watu ambao hawana muda wa mabishano: wabeba mkaa na wabeba nazi wanaoingia Dar es Salaam alfajiri wakiwa na magunia ambayo ni mazito kuliko wewe na mizigo yako pamoja. Ni kweli pia kwamba fundi wake yuko kila mahali. Hata hivyo ina gia moja, ina uzito wa kilo zisizopungua 20, na breki zake za vyuma huvuta ringi kwa nguvu ndogo ambayo hupungua zaidi ikilowa. Anayeisukuma mlimani kila siku kwa kazi ana sababu zake, na wewe huna. Mwambie baba mdogo asante, na umwombe pampu yake, kwa sababu pampu hizo ndefu za miguuni hazina mfano.

Sehemu ambayo ningependa uitumie fedha zako ni gurudumu la nyuma. Gurudumu la 559 lenye tairi la 50 husafiri mita 2.07 kila linapozunguka, kwa hiyo kutoka Mbagala hadi Songea kwa njia yako, ambayo ni zaidi kidogo ya kilomita 1,100, litazunguka zaidi ya mara 500,000. Kila mzunguko, kila spoki inapofika chini, hulegea kidogo, kisha hukaza tena inapopita. Spoki haikatiki kwa sababu mzigo umeizidi nguvu. Hukatika kwa kuchoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole, na huchoka upesi zaidi ikiwa ilifungwa kwa kulegea, kwa sababu hapo kila mzunguko huiachia kabisa na kuivuta upya. Ndiyo maana gurudumu lililofungwa na fundi mwenye subira, spoki zote zikiwa na mkazo mkubwa na unaolingana, huishi miaka, na lile lililonyooshwa kwa jicho tu, huku nusu ya spoki zikiwa zimelala, hukatika spoki ya kwanza kabla ya Kibiti. Kwa kawaida hukatika penye kiwiko chake ndani ya habu, upande wa kulia wa nyuma, nyuma ya gia, mahali ambapo huwezi kuifikia bila kuzivua gia hizo.

Omba spoki 36 nyuma. 32 mbele zinatosha. Zipishane mara tatu. Ukipata zile zenye kiuno, yaani milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, zichukue, kwa kuwa katikati hunyumbuka na kukipunguzia kiwiko mateso. Ringi iwe ya kuta mbili, na upana wake wa ndani usipungue milimita 19 kwa tairi la 50, maana kwenye ringi nyembamba tairi pana huyumba kama mtu aliyesimama kwenye ngalawa. Kwa kuwa baiskeli hiyo hushika breki kwenye ringi, weka rula wima juu ya uso wa ringi ya zamani: ukiona mwanga katikati, ukuta umeshalika kwa mchanga na miaka, na utapasuka siku moja ukiwa na upepo ndani. Ringi ya mtumba iliyobonyea hivyo usiisafirie, hata ukipewa bure.

Angalia pia aina ya habu ya nyuma. Baiskeli nyingi za mlimani za zamani zina gia zilizofungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya habu, na kwa muundo huo beringi ya kulia hukaa mbali ndani, ikiuacha mhimili uning'inie. Chini ya mzigo mhimili hupinda na hatimaye hukatika. Kwenye muundo wa baadaye, ambao gia huteleza na kukaa juu ya kiini chenye meno, beringi husogea hadi karibu na fremu na tatizo huisha. Kama ya kwako ni ya aina ya kwanza, nunua habu nyingine sasa, kwa kuwa gurudumu litafumuliwa na kufungwa upya kwa vyovyote vile. Beba spoki tatu za kila urefu, kwa sababu za mbele, za nyuma kulia na za nyuma kushoto hazilingani, uzifunge kwa utepe kwenye fremu, na usisahau kifaa cha kuzivulia gia.

Vali iwe ya aina ya gari. Vituo vingi vya mafuta kutoka Rangi Tatu hadi Songea vina mpira unaoingia kwenye vali hiyo, na bodaboda wengi wanaweza kukuazima pampu. Ringi yenye tundu dogo la vali nyembamba inaweza kupanuliwa kwa keekee kutoka milimita 6.5 hadi 8.5, kingo zake zikisuguliwa kwa msasa. Angalizo moja tu: mashine ya kituo imeundwa kwa ajili ya malori, na tyubu ya baiskeli hujaa kwa muda wa kukohoa. Gusa na uachie, gusa na uachie, kisha malizia kwa pampu ya mkono.

Miiba utakutana nayo. Mbigili zilizotapakaa kando ya njia ni fupi, na tabaka la mpira lililo chini ya uso wa tairi zuri la safari huzizuia nyingi. Miiba ya migunga ni mirefu na haizuiliki na kitu chochote ambacho bado kinaweza kuitwa tairi. Kwa hiyo beba tyubu mbili nzima, viraka, solusheni mpya ambayo haijafunguliwa, na kipande cha ukuta wa tairi kuukuu chenye urefu wa kidole cha kuwekea ndani tairi likichanika. Tairi la akiba sikushauri ulibebe kwa umbali huo ikiwa yale mawili ni mapya. Uzito wake ni lita moja ya maji au karibu yake, na kwenye njia ya Liwale ningependelea maji.

Kwa upepo, anza na paundi 45 nyuma na 35 mbele, ukihakikisha kwamba haujavuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Lami ikiisha Nangurukuru, punguza 5 hadi 8 kila upande. Ukirudi kwenye lami Masasi, ziongeze. Ukipata pancha yenye matundu mawili yanayokabiliana kama meno ya mjusi, huo si mwiba, ni ringi iliyoibana tyubu dhidi ya jiwe, nawe umepunguza mno.

Gurudumu likishafungwa upya usiondoke nalo siku hiyohiyo. Funga mizigo yote kama utakavyosafiri, maji yakiwemo, nenda Pugu hadi Kisarawe na urudi, kisha mrudie fundi akaze tena, kwa sababu spoki mpya hukaa vizuri kwenye habu baada ya kubebeshwa mzigo mara ya kwanza, na zikishakaa hulegea. Akikuambia hakuna haja, mshikie kila jozi ya spoki kwa vidole mbele yake, uzibane, na umwonyeshe zile zinazobonyea.